UZI: Mtoto anapoahidi kusema kweli mahakamani, nani alilipia kujua kama ahadi hiyo inafanya kazi?

#1 Kizimbani

Wakuu, salaam.

Nina jambo limenikaa moyoni nikaona nililete hapa, maana jukwaa hili lina mawakili, mahakimu wastaafu, walimu wa vyuo na watu wa ustawi wa jamii. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, atausoma jioni akitulia.

Mimi ni wakili wa kujitegemea na kazi yangu kubwa ni rufaa za jinai. Ukizisoma hukumu za rufaa za makosa ya kujamiiana yanayohusu watoto, utaona kitu kinajirudia. Watu wazima wenye majoho wanabishana juu ya dakika chache tu, zile za kabla mtoto hajaanza kutoa ushahidi. Je, hakimu alimuuliza alichotakiwa kumuuliza? Je, ahadi ya mtoto imeandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu? Isipoonekana, ushahidi wa mtoto unaweza kuondolewa, na katika kesi hizi ushahidi wa mtoto mara nyingi ndio kesi yenyewe. Aliyetenda anaweza kwenda nyumbani. Asiyetenda naye anaweza kuwa amekaa gerezani miaka akisubiri mtu agundue kasoro hiyo. Pande zote mbili zinaumia.

Kwa wasio wanasheria nieleze kidogo. Kabla ya mwaka 2016, kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kama tulivyokizoea, kilimtaka hakimu aanze kwa kumpima mtoto wa umri mdogo, yaani anayeonekana hajazidi miaka 14. Anaelewa maana ya kiapo? Kama haelewi, ana akili ya kutosha, na anaujua wajibu wa kusema kweli? Mahojiano hayo ya awali yalizaa rufaa nyingi mno, hadi Mahakama ya Rufani ikakaa kwa jopo kamili katika shauri la Kimbute Otiniel kujaribu kuutuliza ubishi. Kisha ikaja Sheria Na. 4 ya mwaka 2016. Mahojiano yale yakaondolewa. Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo.

Sheria haikusema ahadi hiyo ipatikane vipi. Mahakama ya Rufani ikalazimika kujaza pengo yenyewe. Katika Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, mwaka 2019, ilipendekeza maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kumuuliza mtoto: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli na kutosema uongo. Tangu hapo kila wakili wa rufaa anafungua ukurasa huo wa mwenendo kabla ya kurasa nyingine zote.

Sasa hoja yangu. Ahadi ya mtoto inamfanya aseme kweli zaidi? Swali hili halijibiwi kwa kusoma vitabu vya sheria. Ni swali la saikolojia, na lina njia ya kupimwa.

Kanada walilipima. Katika Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, profesa wa sheria Nicholas Bala alikaa meza moja na wanasaikolojia Kang Lee, Victoria Talwar na Rod Lindsay. Fedha zilitoka Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii na Binadamu la huko, SSHRC, ambalo ni mfuko wa umma. Jaribio walilolichapisha mwaka 2002 lilikuwa rahisi kulieleza. Mtoto anaachwa peke yake chumbani, nyuma yake kuna kitu cha kuchezea, ameambiwa asigeuke kukitazama. Kamera iliyofichwa inarekodi. Mtu mzima anarudi na kumuuliza: uligeuka? Watoto wengi waligeuka, na wengi wa waliogeuka walikana. Watoto hao hao walipoulizwa uongo ni nini na kama ni vibaya kusema uongo, walijibu vizuri kabisa. Kwa maneno mengine, mtoto anaweza kukueleza uongo ni nini kwa ufasaha, kisha akakudanganya. Lakini walioombwa kwanza waahidi kusema kweli walidanganya kwa kiwango kidogo zaidi.

Mnaona uzito wake? Sheria ya Kanada wakati huo, kama yetu ya zamani, ilimpima mtoto kwa kumtaka aeleze. Utafiti ukaonyesha kwamba kueleza hakutabiri ukweli wake, na kwamba kuahidi kunasaidia. Timu ile ikaandika waraka wao na kuupeleka kwenye kamati ya bunge mwaka 2005, muswada ulipokuwa mezani. Kuanzia tarehe 2 Januari 2006, kifungu cha 16.1 cha sheria yao ya ushahidi kinasema mtoto aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa anaweza kutoa ushahidi, anatakiwa kuahidi tu, na ni marufuku kumuuliza maswali ya kupima kama anaelewa maana ya ahadi hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu yao ikakikubali.

Sisi na wao tumefika karibu mahali pamoja, miaka kumi tofauti. Sisi tumefika kwa marekebisho ya jumla ya sheria mbalimbali, wao kwa miaka ya kazi ya watu wa fani mbili waliolipwa kufanya kazi pamoja. Na pale tulipotofautiana, yaani kumuuliza au kutomuuliza mtoto maswali ya uelewa, tunahitaji ushahidi kutoka kwa watoto wetu wenyewe. Mtoto wa Kingston hakulelewa kumwitikia kila mtu mzima kwa shikamoo. Mtoto wa Nzega akisimamishwa mbele ya mtu mzima mwenye cheo, "ndiyo" yake inaweza kuwa adabu tupu. Je, ahadi inamshika kama ilivyomshika yule wa Kanada, inamshika zaidi, au haimgusi? Kuna jibu. Halijalala kwenye maktaba ya sheria, na kulitafuta kunahitaji fedha.

Nataka tujadili fedha hizo zipatikane wapi na zitolewe kwa masharti gani.

#2 Mstaafu wa Benchi

Kizimbani, nimekusoma hadi mwisho. Nimekaa kwenye kiti cha hakimu miaka mingi na watoto wengi wamepita mbele yangu.

Nina mashaka kidogo. Hakimu mzoefu humjua mtoto anayesema kweli. Humtazama, husikiliza anavyorudia, huona kama amefundishwa. Uzoefu huo huwezi kuununua kwa ruzuku.

Lakini kuna jambo nataka lisikike. Mtoto alikuwa anaongea Kiswahili, mwingine Kisukuma kupitia mkalimani, nami naandika kwa mkono, kwa Kiingereza, huku namwangalia. Niliandika nilichokielewa. Majaji wa rufaa walisoma maandishi yangu, hawakumsikia mtoto. Mkitafiti, tafitini na hilo. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yamekuja, nami nimeshastaafu.

#3 Kizimbani

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kuweka uzoefu wako hapa.

Kwa heshima yote, kuhusu kumjua mtoto kwa kumtazama nakuomba tuwe waangalifu. Hili ni moja ya mambo yaliyopimwa sana katika saikolojia ya sheria: watu wazima, wakiwemo polisi na watu wa mahakama, wanapoangalia mtu na kukisia kama anadanganya, hawapiti mbali na kurusha sarafu. Kinachosumbua zaidi ni kwamba kujiamini kwao hakulingani na usahihi wao. Sisemi wewe ulikosea kwenye kesi zako. Nasema mahakama zetu zenyewe zilishakiri jambo la aina hii kwa mashahidi watu wazima. Katika Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na ikataka hakimu aangalie muda shahidi aliomwona mtu, umbali, mwanga, na kama alimfahamu kabla. Majaji wale walifika huko kwa busara, na wanasaikolojia waliopima mambo hayo hayo wamekuta mengi ya busara ile ni sahihi. Busara na kipimo vinaweza kukaa pamoja.

Hilo la lugha ya mwenendo, mzee, ni andiko zima la utafiti. Rekodi za sauti ukizilinganisha na maandishi ya hakimu, utajua ni maneno gani ya mtoto yanapotea njiani, na kama yanayopotea ni yale yanayobeba kesi.

#4 Bi Mwalimu

Mimi nafundisha saikolojia chuoni. Kizimbani amegusa kidonda.

Niseme tatizo lilivyo kwa ndani. Unaona wito wa kuomba fedha, unaandika andiko la kupima namna watoto wanavyohojiwa. Mfuko mmoja tulioupelekea ulitujibu kwamba hili ni suala la sheria, tupeleke kwa watu wa utawala bora. Watu wa utawala bora wakasema ni suala la afya ya akili. Watu wa afya ya akili wakauliza lina tiba gani. Mwenzangu wa kitivo cha sheria akachoka, akarudi kwenye kazi zake, na simlaumu, maana kwenye kupandishwa cheo makala aliyoiandika na mwanasaikolojia kwenye jarida la saikolojia haikuhesabika sawa na makala ya jarida la sheria. Mimi nami vivyo hivyo upande wangu.

Halafu kuna vibali. Unahitaji kibali cha utafiti, unahitaji kamati ya maadili, unahitaji ruhusa ya Mahakama kuingia kwenye majalada, unahitaji ridhaa ya mzazi, na kwa watoto waliofanyiwa ukatili unahitaji ustawi wa jamii. Kila mlango ni halali na siutaki uondolewe. Lakini ruzuku ya mwaka mmoja inakwisha ukiwa bado kwenye mlango wa tatu. Wafadhili wetu wanapanga muda kana kwamba tunapima mbolea.

Kama mtu ataniuliza ni sharti gani moja la kubadilisha, nitasema MUDA. Miezi ya vibali isihesabiwe kwenye miezi ya utafiti.

#5 Mlipakodi

Naheshimu wasomi, ila niseme ukweli wangu. Kuna zahanati hazina dawa. Kuna shule watoto wanakaa chini. Nyie mnataka hela za kumfungia mtoto chumbani na kamera tuone kama atageuka. Hivi vitu wafanye wazungu, wana bajeti. Sisi tuchukue matokeo yao, mambo yaende.

#6 Kizimbani

Mlipakodi, ndugu yangu, swali lako ni halali na nitalijibu bila kulikwepa.

Kwanza gharama. Utafiti huu hauhitaji maabara. Unahitaji chumba kwenye shule, kamera, vitu vya kuchezea, wasaidizi wa utafiti waliofundishwa, nauli zao, na posho ya watu wa kuchambua takwimu. Sasa weka upande wa pili kesi moja inayorudishwa kusikilizwa upya: hakimu, mwendesha mashtaka, wakili, askari wa kusindikiza, mtuhumiwa aliyekula chakula cha gereza miaka hiyo yote, na mtoto ambaye sasa amekua, anatakiwa arudi kusimulia tena jambo alilokuwa anajaribu kulisahau. Fedha hizo tayari unazilipa wewe. Hazionekani tu kwenye mstari mmoja wa bajeti.

Pili, kuchukua matokeo yao. Tumeshachukua sana. Kanuni zetu za gwaride la utambulisho, lile la shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, zimetoka kwenye maamuzi ya mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, kama Mwango wa Manaa wa 1936. Hatukuwa na nafasi ya kuuliza kama zinafaa kijijini ambako watu wote wanajuana. Kuna mambo ya binadamu yanayofanana kila mahali, na kuna mengine yanategemea malezi. Huwezi kujua lipi ni lipi mpaka upime.

#7 Wakili wa Ziwa

Hujambo ndugu zangu wa Tanzania. Niko Kisumu.

Kwetu Kenya yale mahojiano ya awali bado tunayo, chini ya kifungu cha 19 cha Sheria ya Viapo na Matamko. Umri mdogo tunauchukulia kuwa chini ya miaka 14, tangu Kibageny arap Kolil ya 1959. Kwa hiyo sisi bado tuko pale mlipokuwa kabla ya 2016. Hakimu anamuuliza mtoto: unasoma shule gani, unaenda kanisa gani, ukisema uongo itakuwaje? Mtoto anajibu "nitachomwa moto", na hakimu anaandika kwamba mtoto anaelewa. Kila nikisikia jibu hilo najiuliza limempima nini.

Fikirieni nafasi iliyopo hapa kitafiti. Nchi mbili jirani, watoto wanaofanana kwa malezi, lugha moja kubwa, urithi mmoja wa sheria ya Kiingereza, ila upande mmoja unauliza maswali ya uelewa na mwingine unachukua ahadi. Watafiti wa mbali wangetamani ulinganisho wa asili kama huu. Sisi tunao mpakani na basi linapita kila siku.

Upande wa fedha, tuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliowekwa na sheria ya sayansi na ubunifu ya 2013. Tanzania mna mfuko ulio chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mifuko hii miwili inaweza kutoa wito mmoja wa pamoja. Hakuna haja ya kusubiri mtu atoke Ulaya.

Pia tuna kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 kinachoruhusu shahidi anayehitaji ulinzi, kama mtoto, apewe mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana na mahakama. Nani amefundishwa kuwa mtu wa kati? Anafanyaje kazi? Hilo nalo ni la wanasheria na wanasaikolojia pamoja.

#8 Afisa Ustawi

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana wote mnaongelea siku ya mahakamani. Mtoto akifika kizimbani ameshasimulia mara nyingi. Amemwambia mama, amemwambia mwalimu, amemwambia askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, amemwambia daktari, amenisimulia na mimi. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake. Mwingine anauliza "alikufanya nini?" Mwingine anauliza "alikuvua nguo, eti?" Kufika mahakamani, simulizi la mtoto lina maneno ya watu wazima ndani yake, na wakili wa utetezi akimdodosa analiona mara moja. Mtoto anaonekana mwongo kwa kosa la waliomhoji.

Niliwahi kufundishwa utaratibu wa mahojiano uliotengenezwa miaka ya 1990 na Michael Lamb na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya Marekani ya afya ya mtoto, NICHD. Unamzoesha mtoto kwanza kwa kusimulia jambo la kawaida, kama sikukuu iliyopita. Unamwambia kwamba "sijui" ni jibu zuri. Kisha unamwachia nafasi: "niambie kila kitu kilichotokea," halafu "baada ya hapo ikawaje?" Maswali ya kuchagua unayaweka mwisho, na yale ya kumwongoza huyaulizi. Utafiti wao ulionyesha kwamba maelezo anayotoa mtoto kwa maswali ya wazi yana usahihi zaidi.

Unafanya kazi, nimeuona. Lakini una maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kila mmoja wetu anayageuza papo hapo anavyojua. Tungepata fedha za kukaa na mwanasaikolojia, mwanasheria na mtu wa lugha tukautengeneza kwa Kiswahili cha watoto, tukaujaribu, tukaurekebisha, ningekuwa na silaha ya kazi. Kwangu hilo lingetangulia hata jaribio la ahadi.

#9 Bi Mwalimu

Afisa, hili ulilolisema ndilo ningelipa fedha ya kwanza. Na ni muhimu aje mwanasheria tangu siku ya kwanza, kwa sababu swali ambalo kwangu ni zuri kisaikolojia linaweza kuwa limekatazwa mahakamani kama swali la kuongoza, na sitalijua mpaka tuwe tumeshamaliza.

#10 Mtaa wa Philadelphia

Wakuu, nipo masomoni huku Marekani na nimefuatilia kidogo namna fani hii ilivyopata fedha. Niongeze mambo ambayo naona yana somo kwetu, zuri na baya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 taasisi ya Ford iliipa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Chicago dola 400,000 kuchunguza mwenendo wa sheria, na sehemu maarufu ikawa utafiti wa baraza la wazee wa mahakama ya huku, lile linaloamua hatia. Wakapata ruhusa ya jaji na mawakili, wakarekodi kwa siri majadiliano ya mabaraza katika kesi za madai huko Wichita, Kansas, mwaka 1954. Wajumbe wenyewe hawakuambiwa. Habari ilipovuja mwaka uliofuata ikawa kashfa ya kitaifa, Seneti ikawaita watafiti, na mwaka 1956 Bunge likapiga marufuku kurekodi majadiliano hayo kwenye mahakama za shirikisho. Mlango ule umefungwa hadi leo. Kosa la mradi mmoja wenye fedha nyingi lilifunga njia kwa vizazi vya watafiti. Harry Kalven na Hans Zeisel wakalazimika kuzunguka: wakawaomba majaji wajaze dodoso kueleza wangeamuaje wao, wakakusanya kesi 3,576, wakachapisha mwaka 1966. Kazi kubwa, lakini chumba chenyewe hawakukiona.

Mfano mwema ni MacArthur, taasisi ya hisani ya huku. Taasisi hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa inaunda mitandao ya watafiti. Inawachukua wanasheria, wanasaikolojia, madaktari wa akili, na baadhi ya watendaji wa mahakama, inawalipa wakutane mara kwa mara kwa miaka, na maswali ya utafiti yanazaliwa mezani. Mtandao wa ukuaji wa vijana na mfumo wa haki kwa watoto wanaotuhumiwa makosa, chini ya Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple hapa Philadelphia, ulipima vijana 927 na watu wazima wachanga 466 kuona kama wanaelewa kinachoendelea kwenye kesi inayowahusu. Matokeo ya 2003: takribani theluthi ya wenye miaka 11 hadi 13, na moja ya tano ya wenye miaka 14 na 15, walikuwa na uelewa dhaifu kama wa watu wazima wenye ugonjwa wa akili ambao mahakama ingewaona hawawezi kushtakiwa. Mwaka 2005, katika Roper dhidi ya Simmons, Mahakama ya Juu ilipofuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18, hukumu ilinukuu kazi ya Steinberg na mwanasheria Elizabeth Scott.

Pia kuna ngazi ya chini. Chama cha saikolojia na sheria cha huku, AP-LS, kinatoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaofanya tasnifu. Nalisisitiza hili kwa sababu wote mnafikiria mfuko mkubwa. Mwanafunzi mwenye fedha ndogo ya kulipia washiriki anaweza kujaribu wazo la kichaa ambalo profesa anaogopa kuliweka kwenye andiko kubwa. Likikubali, ndipo anaenda NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa huku.

#11 Mstaafu wa Benchi

Habari ya Wichita imenishtua. Kizimbani, mkija kuomba kuingia mahakamani, njooni kwa mlango wa mbele. Jaji Mfawidhi ajue, hakimu ajue, mtoto na mzazi wajue. Mkifanya hivyo mtapata watu wa kuwasaidia, maana mahakimu wengi wanalala na mashaka ya kesi za watoto na hawana pa kuyasemea. Na kuhusu kumjua mwongo kwa kumtazama, nitalifikiria. Sijakubali bado.

#12 Mlipakodi

Hiyo hoja ya kesi kurudiwa nimeielewa. Lakini nani anahakikisha fedha hazitaishia kwenye semina za hotelini?

#13 Kizimbani

Mlipakodi, hilo ndilo nilitaka tufike. Nitaandika wito ambao ningeutoa kama ningekuwa nashika mfuko, na kila mmoja aukosoe.

Waombaji wawe wawili wenye hadhi sawa, mmoja wa sheria na mmoja wa saikolojia, na fedha zisipite kwenye kitivo cha mmoja huku mwenzake akiwa mgeni. Kuwe na mtu wa tatu kutoka kazini: hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, au afisa ustawi kama huyu ndugu yetu. Bila wakili wa utetezi mahali fulani kwenye mradi, matokeo yataonekana ni ya upande wa mashtaka, na siku yatakapofika mahakamani yatapasuliwa.

Fedha zitoke kwa awamu. Ya kwanza ndogo, ya kujuana na kuomba vibali, na isihesabiwe kwenye muda wa utafiti, kama Bi Mwalimu alivyosema. Ya pili itoke vibali vikishapatikana. Semina hazilipiwi mpaka kuwe na takwimu za kuonyesha, na hapo zifanyike kwenye ukumbi wa chuo au mahakama.

Mradi uandike kabla ya kuanza nini utapima na matokeo gani yatauonyesha umekosea. Yaani kama ahadi haimfanyi mtoto wa kwetu aseme kweli zaidi, tulichapishe hivyo hivyo. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa wafadhili wetu, maana wanapenda ripoti ya mafanikio. Mfadhili asiyeweza kupokea jibu la "hapana" asilipie swali.

Mwisho, waraka mmoja wa kurasa chache, kwa Kiswahili, uende Tume ya Kurekebisha Sheria na kamati husika ya Bunge. Timu ya Kanada isingepeleka waraka wake 2005, ile makala ya 2002 ingebaki kwenye jarida.

#14 Wakili wa Ziwa

Nakubaliana, ila ongeza kwamba takwimu zisizo na majina ya watoto zihifadhiwe mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuzipata. Sisi hupoteza utafiti wote profesa anapostaafu na kompyuta yake.

#15 Bi Mwalimu

Nina wazo la kuanza bila kumsubiri mtu. Hukumu za Mahakama ya Rufani ziko wazi TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu zetu, hazihitaji kibali wala nauli. Tuchukue za kuanzia 2016 zinazohusu ahadi ya mtoto, tuzisome wawili wawili, mwanasheria na mwanasaikolojia, kila mmoja kivyake, kisha tulinganishe. Tuandike mtoto alikuwa na umri gani, aliulizwa nini kwa mujibu wa hukumu, ahadi iliandikwaje, na rufaa iliishaje. Tukimaliza tutakuwa na picha ya ukubwa wa tatizo, na andiko la kuomba fedha litakuwa na miguu. Nina wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotafuta mada. Kizimbani, una vijana wa sheria?

#16 Kizimbani

Ninao. Nitumie ujumbe binafsi na rasimu ya fomu ya kujazia, ila weka na safu ya lugha aliyotumia mtoto na kama kulikuwa na mkalimani. Mzee Mstaafu, tunaomba uwe wa kwanza kuisoma fomu hiyo kabla hatujaanza kuitumia, utuonyeshe ni kitu gani ambacho hukumu haiwezi kutuambia.

#17 Mstaafu wa Benchi

Itumeni. Nitaisoma na kalamu nyekundu.